Mkono wa muuguzi, altrasaundi au mamogramu: mama achague kipi kwa ajili ya matiti yake?

Kadi ya kliniki ya mtoto haipotei ndani ya nyumba. Mama anajua iko kwenye mfuko upi, na bila kuifungua anakumbuka kwamba sindano ya surua ni miezi 9, kisha miezi 18. Baba watoto akikohoa wiki mbili mfululizo, mama ndiye anayesema twende ukapimwe. Lakini muulize mama huyo ni lini mara ya mwisho mtu mwenye ujuzi alimpima matiti, na wengi watakujibu hawajawahi. Si kwamba hawajali. Siku zote kuna mtu mwingine anayestahili kupelekwa kwanza, na nauli ni ileile moja.

Mama mwenzangu, kupima matiti yako si kuwaibia watoto muda wala pesa. Utafiti mkubwa uliowafuatilia wagonjwa wa saratani ya matiti katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Uganda na Zambia, ulikadiria kwamba kila wanawake 100 wanaofariki kwa ugonjwa huu kabla ya kutimiza miaka 50 huacha nyuma watoto 210 wasio na mama. Ni watoto walewale ambao kadi zao zilitunzwa vizuri.

Mama akishaamua, anakutana na njia nyingi kwa mpigo. Jirani anamwambia ajipapase bafuni, muuguzi anamwambia njoo nikupime, redioni wanatangaza mamogramu, na daktari wa hospitali ya binafsi anaandika altrasaundi. Ni rahisi kudhani kuwa yote ni mamoja, ila kimoja ni cha wenye pesa na kingine cha wasio nazo. Sivyo. Kila kipimo kina kazi yake, kina umri kinaoufaa, na kina kitu kisichokiona. Nitavilinganisha viwili viwili, na nitasema wazi ningemshauri nini dada yangu.

Kabla ya yote: una dalili au huna?

Swali hili linatangulia mashine yoyote. Mama asiye na dalili anatafuta ugonjwa uliojificha. Anaweza kupanga tarehe, akasubiri mwisho wa mwezi, akaunganisha na safari nyingine ya mjini. Mama mwenye dalili hana tena nafasi ya kuchagua kati ya kujipapasa na kungoja kampeni. Huyo anahitaji jibu, na jibu la uvimbe wa titi hupatikana kwa kuweka pamoja vitu vitatu: mkono wa daktari, picha, na kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya uvimbe, kilichopelekwa maabara. Ukipewa kimoja tu ukaambiwa nenda nyumbani, uliza viwili vilivyobaki.

Dalili zenyewe ni hizi: kinundu au sehemu ngumu kwenye titi au kwapani, ngozi iliyobonyea, au yenye vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo, chuchu inayotoa damu au majimaji bila kukamuliwa, ukurutu au kidonda cha chuchu kisichopona, titi moja kubadilika umbo au ukubwa. Maumivu sikuyaweka mbele kwa makusudi. Saratani ya titi inapoanza mara nyingi haiumi, na kutouma huko ndiko kunakowaponza wengi. “Haliniumi, nitakwenda likiniuma.” Likifika kuuma, mara nyingi limeshakuwa kubwa.

Niseme na upande wa pili ili asiwepo mtu wa kukimbia kwa hofu: uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Kwa mama kijana mara nyingi ni kinundu laini kinachoteleza chini ya vidole, au kifuko cha maji. Ila hakuna mkono, uwe wa daktari au wa mganga, unaoweza kuapa kwa kugusa peke yake.

Mkono wako na mkono wa muuguzi

Njia hizi mbili hazina mashine, na kwa hiyo watu huzichukulia kuwa sawa. Ushahidi hauziweki sawa hata kidogo.

Huko Shanghai, China, wanawake zaidi ya 266,000 wafanyakazi wa viwanda vya nguo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa kujichunguza matiti na kukumbushwa kwa miaka kadhaa. Kundi la pili halikufundishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa vifo vya saratani ya matiti katika makundi yote mawili havikutofautiana. Kilichotofautiana ni kwamba waliofundishwa waligundua uvimbe mwingi zaidi usio saratani, na wakapitia kuchomwa sindano na kukatwa ambako wenzao hawakukupitia.

Sasa linganisha na Mumbai, India. Huko wanawake zaidi ya 151,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 64 waliingizwa katika utafiti. Nusu yao walipimwa matiti kwa mkono kila baada ya miaka 2, na waliowapima hawakuwa madaktari bingwa. Walikuwa wanawake wahudumu wa afya ya msingi waliofundishwa kazi hiyo. Matokeo ya miaka 20 yalitoka mwaka 2021: waliopimwa saratani zao ziligunduliwa zikiwa katika hatua za chini zaidi, na kwa wenye miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya miaka 50 punguzo la vifo la namna hiyo halikuonekana.

Mimi nauona utafiti huu kuwa habari njema kuliko tangazo lolote la mashine mpya, kwa sababu mkono uliofundishwa unaweza kufika hata kwenye zahanati ambayo umeme wake ni wa kubahatisha. Mkono wako mwenyewe usiuache, lakini upe kazi yake halisi, nayo ni kuyajua matiti yako yalivyo siku za kawaida ili yakibadilika ushtuke mapema. Wakati mzuri kwa anayepata hedhi ni kama siku ya 7 hadi ya 10 tangu hedhi ilipoanza, matiti yakiwa yametulia. Aliyekoma hedhi achague tarehe moja ya mwezi. Tumia sehemu laini ya vidole vitatu vya kati, zunguka titi lote mpaka kwapani, na tazama kwenye kioo mikono ikiwa juu. Usipojichunguza mwezi mmoja hujatenda kosa lolote. Kosa ni kujichunguza kila mwezi, ukajiridhisha, na kwa sababu hiyo usimwone muuguzi miaka kumi.

Muuguzi au daktari yeye hukupima ukiwa umekaa, kisha umelala. Anagusa titi lote, chuchu, kwapa, na juu ya mtulinga, ule mfupa ulio kati ya shingo na bega. Haichukui hata robo saa. Katika vituo vingi Tanzania, chumba ambamo mama anapimwa saratani ya mlango wa kizazi kwa siki ndimo pia anamopimwa matiti, kwa hiyo ukienda kwa moja omba na la pili. Ukimpeleka mtoto chanjo, uliza palepale: “Nesi, leo na mimi naweza kupimwa matiti?” Ukiona haya kupimwa na mwanaume una haki ya kuomba mwanamke, au kuomba awepo mwanamke mwingine chumbani.

Altrasaundi na mamogramu

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea bure, kwa sababu mtu analipia kipimo kisichoendana na umri wake.

Mamogramu ni eksirei ya matiti. Titi linabanwa kati ya vibao viwili kwa sekunde chache, picha inapigwa, kisha linabanwa kwa upande mwingine. Nguvu yake kubwa ni kwamba huona vichembe vidogo vya chokaa ambavyo wakati mwingine ndiyo ishara ya kwanza ya saratani, kabla hakujawa na uvimbe wa kushikika. Hakuna mkono unaoweza kufanya hivyo, na altrasaundi nayo haivioni vizuri. Udhaifu wake ni kwa matiti yenye nyama nzito, ambayo ndiyo ya wanawake wengi vijana. Katika picha nyama nzito huonekana nyeupe, na uvimbe nao huonekana mweupe. Kimoja kinajificha ndani ya kingine. Hata kwa wanawake wa umri unaofaa, mamogramu hukosa takriban saratani moja kati ya nane. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa “kawaida” haifuti uvimbe unaoushika kwa vidole vyako.

Kuhusu mionzi, kipimo kimoja cha mamogramu kina mionzi kidogo, karibu sawa na ile ya asili ambayo kila binadamu huipata kwa takriban wiki saba kutoka ardhini na angani. Hofu hiyo isikuzuie. Siku ya kipimo usipake poda wala dawa ya kwapa, kwani huweza kutokea kwenye picha. Ukiweza, panga wiki inayofuata hedhi ili kubanwa kusikuumize sana.

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, haibani, na inapatikana kwa urahisi zaidi. Mashine yenyewe ndiyo inayotazama mimba katika hospitali nyingi za wilaya, ila kwa matiti inatumia kichwa chake maalumu. Inatofautisha vizuri kifuko cha maji na uvimbe wa nyama, na inamwongoza daktari kuingiza sindano mahali penyewe. Kwa mama aliye chini ya miaka 40 mwenye kinundu, mara nyingi hiki ndicho kipimo cha kuanzia. Lakini inategemea sana jicho na mkono wa anayeishika. Uliza kama aliyepo amezoea matiti; ni swali la kawaida wala si dharau.

Umri wa kuanza mamogramu kwa asiye na dalili haukubaliki kwa sauti moja duniani. Uingereza huwaita wanawake kila baada ya miaka 3 kuanzia miaka 50 mpaka wanapofikia 71. Marekani, jopo la taifa la kinga lilibadilisha ushauri wake mwaka 2024: kila baada ya miaka 2 kuanzia miaka 40 hadi 74. Shirika la Afya Duniani, WHO, lenyewe limesema kwamba kwa nchi ambazo mifumo yake ya afya bado ni dhaifu, kuwapiga wanawake wote mamogramu si matumizi bora ya fedha, na kwamba nguvu ziwekwe katika kuwafikisha mapema wenye dalili kwenye jibu na tiba. Soma kauli hiyo kwa makini. Haisemi kwamba mamogramu haimfai mama wa Dodoma. Inazungumza na serikali inayogawa bajeti. Wewe mwenye miaka 50, ukiwa na bima inayolipia au uwezo wa kulipa, na mashine ipo mjini kwenu, ifanye. Mwenye miaka 40 hadi 49 azungumze na daktari wake, akijua kwamba katika umri huo uwezekano wa kuitwa tena kwa picha za ziada na mwisho ukaambiwa hakuna kitu ni mkubwa zaidi. Kuitwa tena si hukumu.

Kipimo cha MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, nakitaja kwa kifupi tu. Ni cha wenye hatari kubwa sana, kama waliorithi mabadiliko ya vinasaba vya BRCA1 au BRCA2, na hakuna sababu ya mama wa kawaida kukikimbilia.

Ukiwa na mimba au unanyonyesha

Mama anayenyonyesha ndiye anayechelewa kirahisi kuliko wote, maana kila kitu kina maelezo ya haraka: ni maziwa yameganda, ni jipu, ngoja mtoto aache kunyonya. Mara nyingi maelezo hayo ni sahihi. Lakini weka kikomo. Titi lililovimba, jekundu na la moto likipewa antibiotiki na lisipone ndani ya wiki moja hadi mbili, au kinundu kibaki palepale baada ya mtoto kunyonya na maziwa kutoka, altrasaundi ifanyike. Ipo aina ya saratani ambayo huja kwa wekundu na uvimbe wa titi zima, bila kinundu, ikifanana kabisa na uambukizo. Altrasaundi ni salama kwa mimba na kwa maziwa, na hata kuchukua kinyama kunawezekana bila kumwachisha mtoto.

Kunyonyesha kwenyewe ni kinga, ila si kinga kamili. Uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30, uliotolewa mwaka 2002, ulionyesha kuwa kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4.3. Ni punguzo la kweli, tena la thamani, lakini aliyenyonyesha watoto watano bado ana sababu ya kupimwa. Vilevile kusema “kwetu hakuna ugonjwa huo” hakutoshi: saratani za matiti zinazotokana na kurithi ni takriban 5 hadi 10 kati ya 100.

Kinyama: sindano nyembamba, sindano nene, au kisu

Picha inaonyesha uvimbe. Anayesema ni nini ni mtaalamu wa maabara aliyekitazama kinyama kwa hadubini. Hapa mama hupewa njia tatu, mara nyingi bila kuelezwa tofauti, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sindano nyembamba huvuta majimaji na chembe chache. Ni rahisi, ni ya haraka, na kwa kifuko cha maji inaweza kuwa kipimo na tiba kwa pamoja. Kwa uvimbe mgumu haitoshi sana, kwani inaweza kusema “kuna chembe mbaya” bila kueleza ni saratani ya namna gani. Sindano nene huingia baada ya ganzi na kukata vipande vidogo vya nyama. Vipande hivyo huiwezesha maabara kupima kama saratani inalishwa na homoni, na kama ina protini ya HER2. Majibu hayo ndiyo yanayoamua dawa: mwenye saratani ya homoni anaweza kutumia vidonge vya tamoksifeni kwa miaka, asiye nayo havimsaidii. Kwa uvimbe unaotiliwa shaka, chagua sindano nene ikiwa ipo.

Njia ya tatu ni kukata uvimbe wote moja kwa moja. Wengi huipenda kwa sababu inaonekana kumaliza kazi: limetolewa, limekwisha. Mimi naiogopa ikitangulia. Ikiwa ni saratani, upasuaji uliofanywa bila kujua unaweza kuacha mabaki na kuvuruga mpango wa tiba. Na kama imelazimu ukatwe, uvimbe huo upelekwe maabara, hata daktari akisema unaonekana wa kawaida, na karatasi ya majibu uidai mkononi.

Yapo maneno mitaani kwamba ukiichoma saratani inachokozeka na kuenea. Nawaheshimu mama zetu wanaoyasema, maana wameona mtu akichomwa kisha akafa. Lakini wengi wa waliofariki hivyo walifika wakiwa wamechelewa, au walichomwa wakapata majibu na kisha hawakurudi kwa tiba. Sindano haikuwaua. Kilichowaua ni miezi iliyopita kabla yake na baada yake. WHO imeweka lengo kwamba tangu mama afike kituoni na dalili hadi apate jibu kamili zisipite siku 60. Zihesabu siku hizo wewe mwenyewe.

Hema la Oktoba au kituo cha karibu

Oktoba huja na fulana za pinki na upimaji wa bure, na ninawapongeza wanaojitolea. Hema lina faida: halina gharama, unakwenda na mashoga zako, na woga unapungua. Upungufu wake unaanza jioni hema likishafungwa. Ukikutwa na uvimbe, nani anakuandikia rufaa, na ya kwenda wapi? Kituo cha karibu hakina shamrashamra, foleni yake inachosha, ila faili lako linabaki pale na nesi aliyekupima utamkuta tena Januari. Ukienda kwenye hema usiondoke bila karatasi yenye jina la hospitali ya kuendelea nayo. Tiba ya saratani ipo Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza na KCMC Moshi. Barua ya rufaa iliyoandikwa vizuri hukuokolea safari nzima.

Ningechagua hivi

Mama wa miaka 32, hana dalili, ananyonyesha: mkono wa nesi siku ya kliniki ya mtoto, basi. Asitumie pesa yake kwenye mamogramu. Akiwa na kinundu kisichoondoka, altrasaundi wiki hiyohiyo.

Mama wa miaka 38 ambaye mama yake mzazi au dada yake wa tumbo moja aliugua akiwa kijana: asingoje umri wa wengine. Madaktari wengi hushauri kuanza uchunguzi miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa ndugu huyo. Kama dada aligunduliwa na miaka 45, huyu ameshapitisha miaka mitatu.

Mama wa miaka 52 mjini mwenye bima: mamogramu kila baada ya miaka 2, na mkono wa daktari kila mwaka. Ahifadhi picha zote, kwa sababu msomaji wa picha hutambua mabadiliko kwa kulinganisha na za zamani.

Mama wa miaka 55 kijijini, mashine iko mbali na nauli ni ya kuokoteza: mkono wa muuguzi kila mwaka, kwa bidii ileile aliyoipeleka kwa watoto. Hana sababu ya kujiona amepata cha duni. Ni kwa umri wake hasa utafiti wa Mumbai ulionyesha vifo kupungua. Pesa ya kikoba ya safari aiweke kwa ajili ya siku nesi atakaposema hapa pana kitu. Siku hiyo aende na mtu, mume au dada, wa kusikiliza pamoja naye. Abebe karatasi zote za zamani. Na kabla hajatoka chumbani aulize mambo mawili: majibu yatatoka tarehe gani, na nisipopigiwa simu nimtafute nani.